Uliandika Jina, Hukuandika Siku

Kaka yangu Khalfan,

Barua hii siifungi kwa gundi. Tatu za mwanzo nilizifunga, nikaandika jina lako na neno Kuwait, na mpaka leo sijui zimeishia wapi. Safari hii nimeandika nakala nne, na kila nikisikia mtu wa kwetu anapanda meli kwenda huko nampa moja mkononi. Atakayetaka kuisoma njiani na aisome. Akikufahamu akupe, na ukiwa umehama akuulizie. Na kwa kuwa itapita mikononi mwa watu, nitayasema hata yale unayoyajua, ili asiyekujua aelewe kwa nini nakutafuta kwa haraka hivi.

Mama ameshajua kwamba Baba amekufa. Nimemwambia mimi, wiki tatu zilizopita. Tangu siku hiyo hazungumzi na mimi ila kwa jambo moja, na jambo hilo wewe peke yako ndiye unayeweza kulijibu.

Unaikumbuka siku uliyofika hapa Omani, Matrah? Ilikuwa mwaka sitini na sita. Meli ilitia nanga mbali, ukaletwa ufukweni kwa mashua, suruali umeikunja mpaka magotini, sanduku lako la bati limebebwa kichwani na mchukuzi, na wewe unamkemea asilitikise utadhani ndani mna mayai. Sisi tulikuwa tumetangulia miaka miwili, mimi na Mama, baada ya Mapinduzi. Baba alitupandisha meli kule Unguja, yeye akabaki. Mezani kwake dukani kulikuwa na saa za watu, nyingine zimefunguliwa, magurudumu yake yamelala kwenye visahani, na alisema hawezi kuondoka nazo wala hawezi kuziacha. "Tangulieni," alituambia. "Nawarejeshea watu saa zao, nakuja." Tukatangulia. Haikuja barua, haikuja salamu, hakuja hata mtu mmoja wa kutuambia nimemuona.

Mama alikata shauri mwenyewe kwamba mumewe yu hai. Wanawake wa mtaani walipomshauri kwa upole akae eda, yale ya kujifungia ndani miezi minne na siku kumi bila hina, bila manukato, bila pambo, aliwakatiza. "Eda ya nani? Nyie mmeiona maiti?" Na siku ile alikuja ufukweni na kanzu ya Baba mkononi, imepigwa pasi na kufukizwa udi, kwa sababu alikuwa na hesabu yake: Baba akitoka Unguja angepitia Misri kwanza kukuchukua wewe uliyekuwa ukisoma huko. Hakukuuliza hali, hakukuuliza safari. "Babaako yuko wapi? Hajakufikia?"

Uliitazama ile kanzu. Kisha ukasema, "Bado, Mama."

Kaka, ungeweza kusema sijui. Ungeweza kusema sikumuona. Ulisema bado, na Mama akaikunja kanzu upya akarudi nayo nyumbani amefurahi.

Ami Hamed, kaka mkubwa wa Baba, ndiye aliyekuombea kibali cha kuingia, na alikulaki kwa sharti. "Hapa Misri usiitaje mbele ya watu. Wakikuuliza ulikosoma, sema ulikuwa nje." Mtu aliyetoka Kairo siku zile alitazamwa kwa jicho la pembeni, kwa kuogopewa siasa za huko, nawe ulikuwa na sanduku zima la Misri. Kulikuwa na karatasi nyembamba za kunakilia, zimeviringishwa na kufungwa kwa tepe, kazi yako ya likizo tatu, ulipokuwa ukipelekwa kule Luksori pamoja na wachoraji wengine kunakili picha za kwenye makaburi ya kale. Ami alipoziona alifunga mfuniko wa sanduku kwa mguu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na hakuna kitu kilichoniwasha kama sanduku lililofungwa kwa mguu.

Ndiyo maana nilikuandama mpaka ukachoka. Ulikuwa mjuaji, Khalfan, tena mjuaji wa kuchosha, lakini ukianza kueleza mambo ya makaburi yale hata Ami angekaa akasikiliza, kama angejipa nafasi. Ulinieleza kwamba maiti wao hawakuzikwa siku ile ile kama wetu. Walikaa nao siku sabini, wakamtoa matumbo, wakamkausha kwa magadi, wakamviringa vitambaa, na siku ya kumtia kaburini kuhani aliugusa mdomo wake kwa chombo cha chuma ili aweze tena kula na kusema. Ulinieleza kwamba wanawake walikodiwa kulia. Uliniambia kuwa mtu aliyechukiwa walimfuata mpaka kaburini wakaukwangua uso wake ukutani kwa patasi, asipate macho ya kuona chakula chake. Nilikuuliza mbona wanajisumbua hivyo na mtu kishakufa. Ulijibu kwamba kwao mtu hufa mara ya pili watu wakiacha kumtaja.

Ulikichagua chumba cha tende uchore humo. Nilikwambia una wazimu. Ami alikuwa mfanyabiashara wa tende, na chumba kile ndicho kilichokuwa roho yake: makanda yamepangwa mpaka juu, na sakafuni mifereji myembamba ya kupitishia asali inayochuruzika, mpaka kwenye mtungi uliozikwa pembeni. Wewe ulisema ukuta wa nyuma hautazamwi na mtu, kwa sababu makanda yanauziba mwaka mzima, na kwamba mkono ukikaa bila kazi unasahau. Kwa hiyo Ami akiwa gulioni adhuhuri na Mama amelala, tulikuwa tukisogeza makanda, tukifanya kazi kwa mwanga wa kidirisha cha juu, kisha tukiyarudisha. Kikohozi cha mpita njia kilitosha kunikausha mate.

Uliupaka ukuta chokaa mpya kwanza. Kabla haijakauka, ukachovya uzi kwenye udongo mwekundu, ukanipa ncha moja nishike, wewe ukashika nyingine, ukauvuta kwa katikati na kuuachia. Pah! Mstari mwekundu ukabaki ukutani, umenyooka. Tukapiga mistari ya kulala na ya kusimama mpaka ukuta ukawa miraba mitupu. Ulinieleza kwamba mchoraji wa kale hakukisia mtu kwa jicho. Aliyesimama ana miraba kumi na minane kutoka unyayoni mpaka nywele zinapoanzia, na aliyekaa ana kumi na minne. Huwezi kumkosea mtu ukimtia kwenye miraba, ulisema. Masizi tulikwangua sufuriani, buluu ilikuwa ya kufulia, gundi ulinunua sokoni, na burashi ulitafuna mwenyewe kutoka kwenye kuti la mtende. Wanawake wanaolia walitakiwa wawe na ngozi ya rangi ya manjano, maana ndivyo walivyochora wanawake, basi nikaiba bizari ya Mama. Ilipogusa chokaa ikageuka nyekundu. Tulicheka mpaka tukazibana midomo. Mama kule jikoni alikuwa akilalamika kwamba nyumba hii ina panya wanaokula bizari.

Ulichora wanawake saba, mikono juu, machozi yao matone meusi. Ulichora jahazi lao la kumvusha maiti kwenda upande wa magharibi. Halafu ulikaa wiki nzima hukuchora kitu. Nilidhani umechoka.

Siku uliyorudi ulianza na meza. Ulikuwa umeshanifundisha, kaka, na usidhani nilisahau. Meza yenye mikate mirefu iliyosimamishwa, na mtu amekaa mbele yake peke yake, mkono mmoja ameunyoosha kwenye mikate na mwingine ameshika ua puani: huyo ndiye mwenye kaburi. Wengine wote ukutani wanaweza kuwa hai. Yule aliyekaa mezani amekufa. Uliichora meza, ukahesabu miraba kumi na minne, ukachora mtu aliyekaa. Mkononi hukumpa ua. Ulimpa saa, na hukuiweka puani, uliiweka sikioni.

Nani mwingine duniani aliisikiliza saa namna ile, kichwa amekiinamisha, jicho moja amelifumba? Juu yake kulikuwa na jina ambalo uliliandika kwa udongo ule ule mwekundu siku ya kwanza, chokaa ikiwa mbichi, ukaniambia ni alama tu ya kupimia. Salim, jina la Baba. Nilikuwa nimelisoma nikajifanya sikulisoma.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha masizi, na nilikishika kwa nguvu mpaka kikanichafua kanga. Wewe hukugeuka. Nami sikuuliza. Nilijua na ulijua kwamba najua, tukarudisha makanda mahali pake, tukatoka tukala wali na papa kwa Mama, naye akakuuliza kama unadhani Baba atapenda hali ya hewa ya Matrah. Ulisema itamchosha mwanzoni. Khalfan, nilitaka kukutupia sahani.

Miezi mitano tuliishi hivyo. Kisha Bibi akafa.

Bibi, mama yao Ami na Baba, alikata roho baada ya sala ya alfajiri, kwa utulivu, kama alivyoishi. Joto lilikuwa kali tangu asubuhi na ilibidi azikwe kabla ya adhuhuri. Wewe ulitumwa makaburini pamoja na wanaume. Nilikusikia ukitoka na jembe. Mlango ulipofungwa tu, Ami akasema kwa sauti iliyopasuka, "Muosheni kwenye chumba cha tende. Maji yatapita mferejini, hayatatuama."

Nikajaribu. "Ami, uani kuna kivuli."

"Uani watu wanachungulia toka juu ya madari yao. Mamangu ataoshwa mbele ya macho ya watu?"

"Basi chumbani kwangu."

"Zuwena," akasema Mama, "tatizo lako nini wewe leo? Shika kanda lile."

Tulikuwa wanne: Mama, mimi, Bi Thuwaiba mwosha, na binti yake. Ilibidi makanda ya nyuma yaondolewe ili upatikane upana wa kulaza ubao. Nilijitahidi kuyavuta ya mbele tu. Bi Thuwaiba, mtu mzima asiye na mzaha kazini, alishika kanda la nyuma kwa mikono yake yote miwili akalivuta, na la juu yake likafuata.

"Astaghfirullahi," akasema. "Nini hii?"

Wanawake saba wenye mikono juu walikuwa wakimtazama. Binti yake akarudi nyuma mpaka mlangoni. Bibi alikuwa amelala kwenye ubao amefunikwa shuka, ndoo za maji ya mkunazi ziko tayari, kafuri imeshapondwa, na hakuna aliyesogea. Mimi nilisimama nimeshika kanda kifuani wala sikuliona uzito.

Mama alikwenda ukutani taratibu. Aliwapita wanawake, akalipita jahazi, akasimama mbele ya mtu wa mezani. Akanyanyua kidole akaigusa ile saa.

"Huyu Salim," akasema.

Kisha akanigeukia.

"Zuwena, njoo hapa. Wewe ndo mwanafunzi wa Khalfan, nyie wawili mkikaa kunong'ona kutwa. Hawa wanalia nini?"

"Wanamlilia mfalme wao, Mama. Mfalme wa zamani."

"Na huyu babaako mbona kakalishwa peke yake?"

Bi Thuwaiba alisema kwa sauti ya chini, "Bi mkubwa, maiti anangoja."

"Namsikia. Nnamuuliza mwanangu. Zuwena, nambie. Kakalishwa hapa anafanya nini?"

Kaka, nimeurudia wakati ule mara nyingi kuliko Fatiha. Mbele yangu maiti, mbele yangu Mama, na jibu ninalo mdomoni. Kama kulikuwa na siku ya kusema, ilikuwa ile. Tulikuwa tumeshakusanyika, watu walikuwa wameshalia, maji yalikuwa tayari, kilio kimoja kingetosha kwa wawili. Nikamtazama usoni nikaona macho yake hayaniombi ukweli. Yananiomba nisiseme.

"Anasikiliza saa, Mama," nikasema. "Anangojea wakati wa safari."

Mama akacheka. Kicheko kifupi, cha kushusha pumzi, mbele ya maiti wa mkwewe. "Saa zake hizo," akasema. "Mwenyewe kazi haimwishi." Akavua mtandio wake mkubwa, tukautundika kwenye misumari ya makanda kuuziba ukuta wote, na tukamwosha Bibi. Tulimwosha mara tatu, Mama akimimina, mimi nikishika kichwa. Maji yalipita kwenye mifereji ya asali kama Ami alivyosema. Tukamvisha sanda yake ya nguo tano. Kabla ya adhuhuri alikuwa ardhini, juu yake mawe tu, bila jina, bila picha, bila mkate. Ulinifundisha watu waliokaa siku sabini na maiti wao. Sisi hatukukaa na Bibi hata muda wa saa saba, na hakuna aliyeona kwamba amenyimwa kitu, kwa sababu kila mtu alijua saa aliyokufa.

Alasiri Ami alikuwa ameshaambiwa. Simlaumu kwa kelele zake. Alikuwa analia huku anapayuka. "Mamangu kaoshwa mbele ya masanamu! Na nani kayachora? Mjukuu wake!" Alikuletea pipa la chokaa yeye mwenyewe akaliweka miguuni pako. Ulipaka mbele yetu sote. Ulianza na wanawake, ukaenda kwenye jahazi, ukafuta meza, mkate kwa mkate. Ulipofika usoni kwa Baba mkono wako ulisimama na chokaa ikawa inadondoka sakafuni. Nilijua unaona nini. Unaona wale waliokwanguliwa nyuso.

Mama ndiye aliyekusukuma. "Mpake tu, mwanangu," alisema kwa upole, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Picha ya nini? Mwenyewe atakuja."

Ukampaka.

Ami alikupa siku tano uwe umeondoka. Nilikusindikiza ufukweni mchana, jua la utosi, mashua ya kukupeleka kwenye meli ya Kuwait ikingoja na mwenye mashua akitukemea tufanye haraka. Hapo ndipo ulipofungua mdomo. Ulisema kuna mtu wa kwetu alipita Kairo, na kwamba mtu huyo alimzika Baba kwa mikono yake.

"Wapi?" nikakuuliza.

"Shamba. Nyuma ya msikiti."

"Kasaliwa?"

"Kasaliwa. Watu wanne. Usimwambie Mama, Zuwena. Nlikuja nimwambie mimi, nikamuona na ile kanzu. Ntarudi. Ntamwambia mwenyewe."

Ukaingia majini na viatu vyako. Ilikuwa mwaka sitini na saba. Miaka mitatu, kaka. Nilikuuliza wapi, nikakuuliza kama kasaliwa, nikajiona nimeuliza yote.

Nami nilikaa na uongo wangu. Usidhani ulikuwa umelala. Mama aliulea. Kila Alkhamisi alifukiza udi ile kanzu, na kila mgeni aliyemuuliza khabari za mumewe alijibiwa, "Anasikiliza saa zake, atakuja." Maneno yangu yale yale. Nilikuwa nikiyasikia natoka nje.

Mwaka huu, kama ulivyosikia huko, tumepata Sultani mpya na nchi imefunguka. Watu wanarudi kila wiki, wengine wana miaka ishirini hawajaonekana, na ufukweni pale Matrah ni vigelegele na vilio. Mama alianza kwenda kulaki meli. Mwanzo alikwenda na jirani, baadaye peke yake, na kanzu mkononi. Siku moja akarudi na kitambaa kipya cheupe akanipa nishone. "Ile ya zamani itakuwa inambana," alisema. "Sasa njia wazi, hana udhuru tena. Upana wa kifua mkadirie wewe, mie nnaanza kusahau."

Nilikuwa na sindano mkononi. Nilijaribu kutunga uzi mara nne. Mama akanichekea, akasema macho yangu yamekuwa ya kizee mwaka huu. Ndipo nikaiweka sindano chini nikamwambia. Nilimwambia yote: mtu wa Kairo, shamba, nyuma ya msikiti, watu wanne. Nilimwambia maana ya meza. Nilimwambia kwamba mbele ya Bibi nilimdanganya.

Hakupiga kelele. Hakuuliza nani wala vipi. Aliuliza neno moja.

"Lini?"

"Sijui, Mama."

"Khalfan hakukwambia?"

"Sikumuuliza."

Akainuka akaenda kwa Ami, akamwambia anataka kukaa eda yake, aanze leo. Ami, maskini, alilia kwanza, kisha akaenda kumuuliza mzee mmoja anayemwamini kwa elimu ya dini. Alirudi akiwa na jibu lililokusudiwa kumfariji. Kwa rai anayoifuata mzee yule, eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, hata kama mke hana khabari. Miezi minne na siku kumi za Mama zilipita zamani. Hadaiwi kitu. Yuko huru.

Mama alinigeukia mimi. Ami alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Hata eda yangu mmeniibia," akasema.



Kesho yake alichukua kisu cha jikoni akaingia chumba cha tende. Ami hakumzuia. Aliyasogeza makanda mwenyewe, akaanza kukwangua chokaa yako. Nilimwambia taratibu Mama, utaondoa na rangi, hakunisikia. Na ndivyo ilivyokuwa. Rangi uliitia ukuta ukiwa umeshakauka, kwa hiyo ilitoka yote pamoja na chokaa: mikate, saa, sikio, uso. Kilichobaki ni kile kilichoingia ukutani siku ya kwanza chokaa ikiwa mbichi. Mistari yako myekundu ipo, haikupinda hata mmoja. Na juu yake jina. Salim.

Sasa anakaa humo kutwa, na kipande cha mkaa. Baba ulimpa miraba kumi na minne kwenda juu, na Mama ameigeuza kuwa siku za eda. Kila mraba siku moja, wa kwanza ukiwa siku aliyokufa Baba, safu kwa safu, mpaka zimetimia miezi minne na siku kumi, ameziwekea mpaka wa mkaa pembeni. Anataka kujua alikuwa wapi na akifanya nini siku zile alizotakiwa awe ndani. Na hili ndilo jambo pekee analozungumza na mimi. Ananiita, naenda nasimama mlangoni, ananiuliza.

"Ile Idi ya kwanza hapa, nlipotia hina mikono yote, alikuwa kishakufa?"

"Sijui, Mama."

"Arusi ya binti yake Hamed, nlivaa ile nguo ya kijani. Nliimba, Zuwena. Nlipiga makofi. Kishakufa?"

"Sijui."

"Siku ile nlipocheka mbele ya Bibi?"

Hiyo naijua, na namjibu: ndiyo, Mama, alikuwa ameshakufa. Huinamisha kichwa, akarudi kwenye miraba yake.

Nakukumbuka ukinieleza kwa majigambo kwamba watu wale wa kale waliandika jina ukutani ili mtu asipotee. Uliandika jina, Khalfan. Hukuandika siku. Mimi niliyeshika ncha ya pili ya uzi sikuuliza.

Basi sikuombi uje na zawadi, wala uje kuomba radhi. Hilo mtamalizana wenyewe, au msimalizane. Njoo na siku. Kama mtu wa Kairo alikwambia, ilete. Kama hakukwambia, mtafute kwanza popote alipo, umuulize aliposhika jembe ilikuwa siku gani na mwezi gani, kisha uje. Usiitume kwa barua, na usimpe mtu. Ulisema utamwambia mwenyewe.

Nimemwacha sasa hivi. Mkaa anao mkononi, na kidole kiko kwenye mraba wa kwanza.

Ni mimi mdogo wako, niliyekushikia uzi,

Zuwena